Seva ya zamani imejaa kwenye /, nafasi imelala /srv: namna ya kubadili ukubwa wa partisheni bila kupoteza data

#1 Mleta uzi

Ndugu wataalamu, salamu kwenu nyote. Ninasimamia seva moja ya zamani ambayo sikuifunga mimi, na aliyeifunga hayupo tena kazini. Ina diski mbili za GB 300 zilizounganishwa kwa RAID 1 (kila kitu huandikwa kwenye diski zote mbili) kwenye kadi yake, kwa hiyo Linux inaziona kama diski moja, `/dev/sda`. Jedwali la partisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa) ni la MBR, muundo wa zamani, nalo limepangwa hivi:

`sda1` /boot, MB 200
`sda2` / (mzizi wa mfumo wote), GB 20, ext4 (aina ya mfumo wa mafaili), imejaa asilimia 97
`sda3` swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM), GB 8
`sda4` partisheni kasha ya MBR, inayobeba sda5
`sda5` /srv, GB 251, ext4, imetumika GB 96 tu

Kama mnavyoona, nafasi ipo, ila iko mahali pasipohitajika. Hifadhidata na logi zote ziko ndani ya `/var`, ambayo haina partisheni yake, na ndiyo inayoijaza `/`. Mpango wangu ni kuiwasha seva kwa flashi yenye GParted (programu ya kupanga partisheni), kuipunguza `sda5`, kuisogeza kuelekea mwisho wa diski, kuifuta swapu na kuirudisha mbele zaidi, kisha kuipanua `sda2` ichukue pengo litakalobaki. Nimeruhusiwa kuizima seva usiku mmoja tu. Je, mpango huu ni salama?

#2 Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, kabla hatujaujadili mpango wako naomba uhakikishe kwamba nafasi imekwisha kweli, kwa sababu seva za umri huo zina tabia ya kuonekana zimejaa ilhali kilichojaa ni uchafu. Tazama mambo matatu. Kwanza, endesha `df -i`, maana mfumo wa mafaili unaweza kuishiwa inodi (rekodi ambayo kila faili huhitaji moja) kwa sababu ya mamilioni ya mafaili madogo, na ukagoma kuandika hata kama kuna gigabaiti kadhaa zilizo wazi. Pili, endesha `du -xm --max-depth=1 /var | sort -n` uone ni saraka gani inayokula; ile `-x` inakuzuia kuvuka kwenda kuhesabu partisheni nyingine. Tatu, na hili wengi hulisahau, endesha `lsof +L1`. Faili likifutwa wakati programu bado imelishikilia, jina lake hutoweka lakini nafasi yake hairudi mpaka programu ile iliachie, na `du` haitakuonyesha kamwe kwa kuwa inahesabu majina.

Leta majibu ya amri hizo tatu, kisha tuendelee.

#3 Mleta uzi

Ahsante sana. Inodi zimetumika asilimia 21, hapo hakuna tatizo. `/var` peke yake ni GB 11. Lakini `lsof +L1` imenishangaza: kuna logi ya seva ya wavuti ya GB 3.1 iliyofutwa, nadhani na mtu aliyekuwa akijaribu kuokoa nafasi, na mchakato wa zamani ulikuwa bado unaiandikia. Nimeiwasha upya huduma ile na `/` imeshuka kutoka asilimia 97 hadi 80 papo hapo. Nimepumua, ila hifadhidata inakua kila wiki na najua nitarudi palepale.

#4 Mchangiaji wa kwanza

Vizuri. Sasa unao muda wa kufikiri bila presha, na huo una thamani kuliko zile GB 3.

Kuhusu mpango wako, nitasema wazi kwamba siupendi. Si kwa sababu GParted ni mbaya, bali kwa sababu mpango huo unabadilisha *mwanzo* wa partisheni. Naomba tofauti hii ieleweke vizuri kwa kila atakayeusoma uzi huu. Kupunguza au kurefusha mwisho wa partisheni ni kuandika upya namba moja kwenye jedwali. Data haiendi popote, na ukikosea unairudisha namba ya zamani. Kusogeza mwanzo ni jambo jingine kabisa. Mfumo wa mafaili hujihesabu kuanzia sekta yake ya kwanza (sekta ni kipande cha diski cha baiti 512), kwa hiyo mwanzo ukisogea, kila kilichomo lazima kinakiliwe kutoka mahali kilipo hadi mahali papya, kwenye diski hiyohiyo, mara nyingi sehemu mpya ikiwa imeipanda sehemu ya zamani. Umeme ukikatika katikati, utabaki na mfumo wa mafaili ambao nusu yake iko kwenye anwani mpya na nusu kwenye anwani za zamani, na hakuna jedwali lolote utakaloweza kurudisha likakuokoa.

Wewe unataka kusogeza mianzo miwili, wa `sda5` na wa swapu, ili tu `sda2` irefuke. Ninapendekeza tuigeuze hesabu. Kinachohitaji nafasi si `/` bali ni `/var`. Kata mkia wa `sda5`, tengeneza `sda6` kwenye nafasi itakayobaki ndani ya `sda4`, kisha uihamishie `/var` huko. Hakuna mwanzo hata mmoja utakaosogea, na swapu haitaguswa.

Kadhalika usiiguse `sda1`. Kwenye seva za rika hilo kwa kawaida inaanzia sekta ya 63, na GRUB, programu inayoiwasha Linux, imejibanza kwenye zile sekta 62 zilizo kati yake na sekta ya kwanza ya diski, yaani baiti 31,744 tu.

#5 Mchangiaji wa pili

Kwa heshima zote, naona tunamtisha mwenzetu. Nimesogeza partisheni kwa GParted mara nyingi na sijawahi kupoteza hata faili moja. Isitoshe, kama shida ni `/var` pekee, kwa nini aguse partisheni? Atengeneze saraka `/srv/mysql`, asimamishe hifadhidata, anakili data, kisha aipachike saraka ile juu ya `/var/lib/mysql` kwa `mount --bind` na kuongeza mstari mmoja kwenye `/etc/fstab`, orodha ya vinavyopachikwa seva inapowaka. Dakika 20 na kazi imekwisha.

#6 Mchangiaji wa kwanza

Hoja yako ya pili ni nzuri, na kama mleta uzi angekuwa na dakika hizo 20 pekee ningemwambia afanye hivyo leo. Ila ina gharama yake: `/srv` ni mahali ambapo watumiaji huweka mafaili yao, na siku mmoja wao atakapopakia video mpaka ijae, hifadhidata itasimama pamoja naye. Partisheni ya peke yake ni ukuta. Anayetaka kuuondoa ukuta huo aamue mwenyewe huku akijua anachofanya.

Kuhusu kusogeza kwa GParted, siamini kwamba umesema uongo. Mara nyingi kazi hiyo hufaulu. Nami nilifanya vivyo hivyo kwa miaka, hadi usiku ambao diski yenye sekta mbovu iligoma kusomeka wakati kazi imefika katikati. Ile diski ilikuwa ikifanya kazi kila siku bila kulalamika, kwa sababu hakuna aliyekuwa akizisoma sehemu zile. Kusogeza partisheni hulazimisha kila kona yenye data isomwe, na kona nyingine hazijasomwa kwa miaka.

#7 Mchangiaji wa tatu

Naunga mkono, na ninaongezea mambo mawili yanayotangulia kazi yoyote ya namna hii.

Moja ni afya ya diski. Ikiwa ziko nyuma ya kadi ya RAID, `smartctl -a /dev/sda` pengine haitakupa chochote cha maana. Kwa kadi za jamii ya MegaRAID utaandika `smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda`, ukibadilisha namba kwa kila diski. Diski za SATA, tazama kipengele namba 5, idadi ya sekta zilizohamishwa, na namba 197, sekta zinazosubiri kuhamishwa. Diski za SAS hazina orodha hiyo. Zenyewe hutoa idadi ya kasoro zilizoongezeka tangu zilipotoka kiwandani. Ukikuta 197 si sifuri, acha mpango wa partisheni, badilisha diski kwanza.

La pili ni nakala rudufu. RAID 1 si nakala rudufu: ukifuta partisheni, inafutwa kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja na kwa uaminifu mkubwa. Nakili data kwenda mashine nyingine, kisha urudishe mafaili machache kutoka huko na uyafungue. Jedwali nalo lihifadhiwe nje ya seva kwa `sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt`. Nimeona maelekezo mengi yanayosema unakili sekta ya kwanza tu kwa `dd`, lakini kwa mpangilio wa mleta uzi hiyo haitoshi, kwa sababu sekta ya kwanza inazijua `sda1` hadi `sda4` pekee. Maelezo ya `sda5` yako kwenye sekta nyingine iliyo ndani ya `sda4`, na `dd` ile haiifikii.

#8 Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru, hilo la sekta ya kwanza ndilo lililokuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Sasa utaratibu wenyewe.

Washa seva kwa flashi ya uokoaji ili kusiwe na kitu chochote kwenye `sda` kinachotumika. Ukifanya kazi hii ndani ya mfumo unaoendelea, kerneli, yaani kiini cha Linux, itakataa kulisoma jedwali jipya kwa kisingizio kwamba diski iko kazini. Baadhi ya flashi hizo huiwasha swapu zinayoikuta kwenye diski bila kukuuliza, kwa hiyo anza na `swapoff -a`. Kisha:

`e2fsck -f /dev/sda5`
`resize2fs -P /dev/sda5`
`resize2fs /dev/sda5 150G`

Amri ya kati inakuonyesha kadirio la ukubwa mdogo kabisa ambao mfumo wa mafaili unaweza kufikia, nawe usiukaribie sana. Angalia mpangilio: unapopunguza, mfumo wa mafaili hutangulia na partisheni hufuata, unapopanua, partisheni hutangulia. Aliyegeuza huo mpangilio wakati wa kupunguza ameukata mfumo wa mafaili ukiwa hai.

Halafu partisheni. Usiifute na kuiunda upya kwa mkono ndani ya `fdisk`, kwa sababu matoleo ya zamani hupima kwa silinda na matoleo mapya hupenda mwanzo kwenye sekta inayogawanyika kwa 2048, na yote mawili yanaweza kukuhamishia mwanzo bila wewe kutambua. Chukua nakala ya `jedwali.txt`, ifungue kwa kihariri, utafute mstari wa `sda5`, uibadilishe namba ya `size` peke yake, kisha ulirudishe jedwali kwa `sfdisk /dev/sda < jedwali-jipya.txt`. Ipe partisheni GB 160, yaani kubwa kidogo kuliko mfumo wa mafaili, halafu umalizie kwa `resize2fs /dev/sda5` bila kutaja ukubwa, nao mfumo utajitanua hadi ukingoni.

Mwisho, tengeneza `sda6` kwenye jedwali, lakini usiuunde mfumo wake wa mafaili ukiwa kwenye flashi. Programu za ext4 za kuanzia toleo 1.43 huwasha vipengele vipya, kama vile hundi ya metadata, ambavyo kerneli ya zamani inaweza kukataa kuviandikia. Rudi kwenye mfumo wako wa kawaida ndipo uendeshe `mkfs.ext4 /dev/sda6`.

#9 Mleta uzi

Wakuu, niko kwenye konsoli ya seva muda huu na nimekwama. Nakala rudufu ipo na nimeijaribu, diski zote mbili ni nzima, `resize2fs` hadi 150G imekwenda vizuri. Mstari wa `sda5` ulikuwa hivi:

`/dev/sda5 : start= 59135328, size= 526787352, type=83`

Nilichukua GB 160, nikagawanya kwa 512, nikapata sekta 312,500,000, nikaiandika hiyo. Jedwali lilikubalika bila neno. Lakini nikijaribu kuipachika `/srv` ninakataliwa, na `dmesg` inasema:

`bad geometry: block count 39321600 exceeds size of device (39062500 blocks)`

`e2fsck` nayo inasema ama maelezo ya mfumo wa mafaili ama jedwali la partisheni limeharibika, na inaniuliza kama iache. Sijajibu. Mikono inatetemeka kidogo.

#10 Mchangiaji wa kwanza

Jibu `y`, ikubali iache. Na usiendeshe `e2fsck -y` kwa hali yoyote ile mpaka tumalize.

Data yako ipo yote. Tatizo ni kwamba kuna giga mbili zenye jina moja. `resize2fs` huhesabu kwa 1024, kwa hiyo 150G yake ni baiti 161,061,273,600. Wewe ulihesabu kwa elfu, na GB 160 zako ni baiti 160,000,000,000. Ulidhani umeacha nafasi ya akiba ya giga 10, kumbe umekata mkia wenye baiti 1,061,273,600. Makosa haya huwapata hata wazoefu, hasa wanaotumia `parted`, ambako `GB` na `GiB` ni vipimo viwili tofauti na herufi moja ndogo ndiyo inayotenganisha usalama na balaa.

Kwa kuwa bado hujaiunda `sda6`, hakuna kilichoandikwa juu ya mkia ule. Zidisha 160 kwa 2,097,152, ambazo ndizo sekta za giga moja ya 1024. Utapata 335,544,320. Iandike namba hiyo kwenye `size`, mwanzo ubaki 59135328, ulirudishe jedwali, kisha `e2fsck -fn /dev/sda5`. Herufi `n` inaizuia isiandike chochote, inatazama tu. Ikipita safi, endesha `e2fsck -f`, halafu `resize2fs`.

#11 Mleta uzi

Imepita safi. Hatua zote tano hazikuonyesha kosa hata moja. `/srv` imepachikwa na nimefungua mafaili kutoka saraka kadhaa, yako sawa. `sda6` nimeiunda kwenye jedwali, imepata takriban GB 91, nami sasa narudi kwenye mfumo wa kawaida.

#12 Mchangiaji wa pili

Pole na hongera. Unapoihamisha `/var`, ingia kwenye hali ya mtumiaji mmoja ili huduma zote ziwe zimesimama, unda mfumo wa mafaili, uipachike `sda6` kwenye `/mnt`, na unakili kwa `rsync -aHAX --numeric-ids /var/ /mnt/`. Ule mkwaju (`/`) baada ya `/var` usiusahau, la sivyo utapata `/mnt/var` badala ya yaliyomo. Kisha ibadilishe jina `/var` iwe `/var.zamani`, unda `/var` tupu, na uiandike kwenye `fstab` kwa UUID (namba yake ya utambulisho) unayopewa na `blkid`. Jaribu `mount -a` *kabla* ya kuwasha upya. Kosa moja la herufi kwenye `fstab` linatosha kuiacha seva ikisubiri nenosiri kwenye konsoli wakati wewe umeshafika nyumbani. Kama SELinux (mfumo wa ulinzi wa Linux) imewashwa, endesha `restorecon -R /var` pia.

Wapo wanaoipachika partisheni mpya juu ya saraka iliyojaa bila kuibadilisha jina. Data ya zamani inabaki chini yake, haionekani, na `/` inaendelea kujaa vilevile.

#13 Mchangiaji wa nne

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina hali kama hii, ila partisheni yangu kubwa ni ya XFS, si ext4. Utaratibu ni uleule?

#14 Mchangiaji wa tatu

Hapana. Mfumo wa XFS unapanuliwa kwa `xfs_growfs` ukiwa umepachikwa, lakini usitegemee kuupunguza. Njia ni kunakili data kwenda mahali pengine, kuunda upya mfumo mdogo zaidi, na kuirudisha. Kama seva yako ilifungwa kwa LVM (njia ya kuziweka diski kwenye kundi moja na kuligawa upendavyo), kwanza tazama `vgs`, safu ya VFree. Nimekutana na seva zilizokuwa zikilia njaa huku giga 40 zimekaa kwenye kundi bila kugawiwa, na `lvextend -r -L +20G` ikamaliza mjadala bila kuzima chochote.

Jambo jingine la haraka kwa mwenye partisheni kubwa ya data ya ext4: kwa kawaida asilimia 5 huwekwa akiba kwa ajili ya mtumiaji mkuu. Kwenye `/` iache kama ilivyo, kwa sababu siku ya kujaa ndiyo itakayokuwezesha kuingia na kusafisha. Kwenye partisheni ya data, `tune2fs -m 1` inaweza kukurudishia giga kadhaa.

#15 Mleta uzi

Ninaleta mrejesho baada ya siku nne. `/var` iko kwenye `sda6`, hifadhidata iliwaka bila kulalamika, na `mount -a` ilinikamata na kosa moja: nilikuwa nimenakili UUID ya `sda5` mara mbili. `/var.zamani` niliiacha hadi leo asubuhi, nilipohakikisha kwamba nakala rudufu ya usiku imechukua mahali papya. Sasa nimeifuta, na `/` inasoma asilimia 22. Jedwali jipya la `sfdisk` nimelihifadhi kwenye mashine nyingine pamoja na lile la zamani, na kwenye faili la maelezo ya seva nimeandika 335,544,320 kwa herufi kubwa, pamoja na namna ilivyopatikana, ili atakayenirithi asihesabu kwa elfu.